Ouma Karekodi Matanga Juu ya Mtumbwi Wangu

Jumapili jioni, Kisumu, 1992. Joto. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu mchana, hayanyeshi, hayaondoki. Nami hivyo hivyo.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kanda ya kaseti, iliyokuwa ikiishi kwenye droo ya meza yangu. Imeacha mjane mmoja: kompyuta yangu kuukuu, niliyouziwa na mwalimu wa kigeni alipokuwa akirudi kwao.

Nieleze, maana si kila mtu ana ugonjwa wangu. Kompyuta hii ukiizima inasahau kila kitu. Programu unaihifadhi kwenye kanda, kwa redio kaseti ya kawaida, na ukiicheza usikie kwa masikio yako ni mlio mtupu, kama breki za lori la miwa.

Programu yenyewe ilikuwa mchezo. Mtumbwi unapita katikati ya visiwa kupeleka samaki sokoni kabla hawajaoza. Niliuandika jioni baada ya jioni, hapa nyumbani, Mama akiwa mgonjwa kitandani kando yangu. Alikuwa akiitazama televisheni, ndiyo kioo cha kompyuta yangu, na kunicheka. "Wuoda, mwanangu, mtumbwi wako hauna watu. Nani anapiga kasia?"

Wenzangu tunaokutana kwa Hamisi, fundi wa redio, walikuwa wakiungojea. Sheria yetu ni moja: ukiandika programu unawapa wengine nakala, bure, waibomoe na kuitengeneza watakavyo. Mimi nilikuwa nikiwaambia bado kidogo. Kwa hiyo nakala ilikuwa ile moja tu.

Mwezi huu tulimzika Mama kule nyumbani, Luanda Kotieno.

Sikulia. Nilitafuta turubai, nikapanga viti, nikaelekeza magari. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Hapakuwa na cha kukaza.

Aliyerekodi matanga ni Ouma, mume wa dada yangu. Leo mchana kaniletea kanda, uso wote tabasamu. Niliitambua kabla hajaitoa mfukoni vizuri.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa droo yako, shemeji. Ilikuwa imeharibika. Niliisikiliza, inalia tu wiiii! Nikasema badala ya kutupa, wacha imbebe Mama."

"Na vile vijitundu vya mgongoni? Nilivitoboa makusudi isirekodiwe tena."

"Nikaziba na karatasi. Kwani mimi ni mjinga, shemeji?"

Nikamwambia asante. Alipoondoka niliingoja hasira kama mtu anayengoja umeme urudi. Haikuja.

Hapa ningependa kuandika kwamba niliketi nikamsikiliza Mama akiagwa, machozi yakanitoka. Haikuwa hivyo. Nilichomeka waya, nikaiamuru kompyuta isome, nikitumaini kipande cha mtumbwi kimesalia.

Kwaya ya akina mama wa kanisa ikaingia ndani ya mashine. Pembeni mwa televisheni mistari ya rangi ikaanza kuruka, nyekundu na samawati, ikifuata wimbo. Sauti zikipanda, mistari inakuwa myembamba, zikishuka, inanenepa. Kompyuta ilisikiliza matanga yote bila kuelewa neno, na haikuacha kujaribu. Nikaona tunafanana.

Nikachomoa waya, nikasikiliza mwenyewe. Mwanamume mmoja anawashukuru wageni, anawaeleza madereva mahali pa kugeuzia magari. Sauti imara, adabu tele. Nilimsikiliza kwa muda kabla ya kugundua kwamba ni mimi.

Mwishoni rekodi ya Ouma ikakatika, ukafuata mlio. Mkia wa mtumbwi wangu. Bila kichwa haufai kitu, kompyuta haiwezi kuupokea, lakini niliuacha ulie hadi kanda ikasimama.

Jumamosi nitawaambia kwa Hamisi kwamba mchezo umepotea. Watanicheka, na wana haki: mhubiri wa nakala za bure hakuwa na nakala.

Kisha nilifungua kanda mpya, nikaanza upya. Mstari wa kwanza wa programu niliukumbuka. Wa pili nao. Mtumbwi ukatokea kwenye televisheni, mdogo, mweupe, umesimama.

Nikageuka kumwonyesha Mama.

Neno lilikuwa limeshaanza kutoka. Sikulia hata hapo. Nilikaa tu mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya maongezi, nikingoja amalize aliyenikatiza.