Sauti ya Glenys Protheroe, Iliyofutwa na Bwana Tolland

Mwaka umetimia sasa, mama, tangu utuache. Majirani hapa Swansea, Wales, wanatuambia muda huponya. Waongo. Hasira yetu ndiyo kwanza inaiva.

Filamu zako hatukuzionea haya hata siku moja. Ulivua nguo mbele ya kamera katika baridi kali ya Februari, ndani ya nyumba isiyo na moto, ukimung'unya barafu ili mvuke wa pumzi usionekane, maana kwenye filamu eti ilikuwa msimu wa joto. Uliwafumia wasichana wenzako soksi za sufu. Kamera ilikomea magotini, kwa hiyo huko chini mlijisitiri kama watawa. Ukirudi nyumbani ulituigizia yule muuza mapazia wa kwenye filamu akitoroka dirishani bila suruali, tukacheka mpaka baba akatufukuza tukalale.

Lakini mtayarishaji wako, Bwana Maurice Tolland, alikunyang'anya sauti. Alidai lafudhi yako ya Wales itawakata wanaume hamu, akamweka mwanamke mwingine ayaseme maneno yako kwa kuchekacheka. Katika filamu zote unafungua mdomo wewe, anatoka mtu tusiyemjua. Ulipofariki tulimwendea tukamwomba zile tepu za mwanzo, tukusikie japo mara moja, maana sauti yako hatuna popote.

"Nilizifuta, nikarekodia filamu nyingine," akatujibu. "Tepu zilikuwa ghali, bibie. Sauti yake ilikuwa bure."

Bure! Haya.

Mwezi uliopita wapenzi wa filamu za zamani walimwalika kwenye ukumbi wa sinema London kumpa heshima, wakaonyesha filamu yako, Muuza Mapazia. Tukaketi nyuma yake. Ulipotokea tu kwenye skrini, mama mdogo Mair, ambaye hata baba alikuwa akimchanganya nawe kwenye simu, akasimama na kuanza kuyasema maneno yako kwa sauti yenu.

"Mtoeni huyo bibi kizee!" Tolland akafoka.

"Njoo unitoe mwenyewe, mwizi wa sauti wee! Na nyamaza, nina zamu yangu hapa."

Fundi wa mitambo akazima sauti ya filamu. Watu walicheka palepale ulipotaka wacheke, mama, na sisi tukalia. Tolland alichukua koti lake akatoka, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ameshaalikwa tena Leeds, kisha Brighton. Mama mdogo amekata tiketi zote mbili.

Tunaokukumbuka ni mumeo Idwal, wanao Rhodri na Carys, na mdogo wako Mair. Sisi hatutakusahau kamwe. Na yeye hatutampa nafasi ya kukusahau.