Chokoleti ya Sherehe Imo Kwenye Friji

Baba watoto,

Nimekwenda zamu wodini. Kwenye friji kuna sinia la chokoleti. Msiikate mpaka igande kabisa, na kisu mkichovye kwanza kwenye maji ya moto.

Asubuhi nimemsikia kitinda mimba wetu akimnong'oneza dada yako kwenye simu: "Shangazi, njoo wewe utengeneze chokoleti ya sherehe yangu. Ya Mama huwa ngumu kama tofali."

Tofali! Na mimi ndiye niliyemzaa!

Nikabandika sufuria nikiwa na sare za kazi. Maziwa mazito ya kopo, siagi, chokoleti, moto mdogo, nikakoroga mpaka mkono ukaingia ganzi. Ni hivyo tu. Wifi hana uchawi wowote, ana kopo kama langu. Wewe ulikuwa unakoroma, hata sijui uko upande gani.

Akija leo, ~~mwambie chokoleti imeshapikwa, ageuze na njia~~ mkaribishe, umpe kipande kikubwa.

Nimebadili mawazo kwa sababu mwanao aliingia jikoni, akanitazama, akaomba mwiko. Akaulamba mpaka puani. Nikamuuliza kwa hila, "Eti wa Shangazi ni mtamu zaidi?"

"Sijui, Mama. Shangazi huulamba mwenyewe."

Basi wifi ale vipande mpaka ashibe, sina kinyongo. Lakini mtu mwingine kumlambisha mwanangu mwiko, huo kwangu ni mwiko.

Mama yao, na hakuna mwingine