Uji wa Mke Wangu Unaniyumbisha Juu ya Ngazi

Mpendwa shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijashuka ngazi kwa njia ya mkato.

Mimi ni mchora mabango, naandika majina ya maduka ukutani na juu ya milango, na mke wangu ndiye mwenzangu wa kazi, huchanganya rangi, hukaza uzi wa chaki wa kupigia mstari, kisha hushika ngazi nami napanda, na kila asubuhi kabla hatujatoka hunipikia uji mzito wenye sukari, bakuli limejaa pomoni, maana husema ngazi haipandwi na tumbo tupu. Basi shangazi, nikishakuwa juu, asubuhi imekomaa na jua limeufikia ukuta, hunijia hali ya ajabu, kelele za mtaani zinakwenda mbali kama redio ya jirani, jasho jembamba linanitoka, vidole vinatetemeka, na zile herufi nilizozipima kwa rula zinaanza kupumua, nyekundu inazidi kuwa nyekundu, O inafunguka kama dirisha na upande wa pili naona uwanja mweupe usio na mtu. Nisikufiche, ni pazuri. Juzi niliinua mguu nikitaka kuingia. Mke wangu akapiga kelele kule chini, "Baba watoto, unakwenda wapi?" nikamjibu, "Naangalia rangi tu," nikaukumbatia ukuta mpaka ukatulia.

Nilikwenda zahanati kwa siri, mikono bado inatetemeka, muuguzi akanitoboa kidole akasema, "Kaka, sukari yako imeshuka. Wewe ukila vitamu inapanda kwa pupa, mwili unaifukuza, nayo inapitiliza chini. Kesho urudi umwone daktari, mzungumze habari ya chakula." Sikurudi. Nilisikia imeshuka, nikajiambia kinachoshuka hupandishwa, nikamwomba mke wangu aongeze sukari kwenye uji. Alivyofurahi! Amemsimulia hadi dada yake kwamba siku hizi mume wake anakomba bakuli. Na hali imezidi.

Simwambii kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa mapaa, akaanguka akafa mke wangu akiwa bado mdogo, akijua tu atanificha ngazi, na sasa tumepewa ukuta mzima wa jumba la sinema, kazi ambayo mfano wake sijapata kuuona maishani mwangu. Halafu kuna lingine, shangazi, watu husema herufi zangu zinaelea, nami naogopa nikipona zitakaa chini kama za kila mtu. Nifanyeje?

Mchora Mabango

Marahaba, mwanangu. Nilicheka nilipofika kwenye uji, nikaacha kucheka nilipofika kwenye mguu.

Muuguzi alikupa maneno yote, wewe ukachukua moja ukakimbia nalo. Nimemuuliza daktari ninayemsumbuaga kwa mambo haya, akaguna kwanza, kisha akanieleza. Uji ule mtamu ndio unaokupandisha haraka na kukuangusha haraka, sasa wewe umekazana kuzima moto kwa mafuta ya taa. Mtu mzima mwenye rula!

Kuhusu herufi zinazoelea nakuhurumia, kila fundi huogopa kwamba kipaji chake kinakaa mahali asipopaona. Lakini ule uwanja mweupe ni ubongo wako unalia njaa. Nenda kaziangalie herufi ulizoandika ukiwa ndiyo kwanza umepanda, kabla mkono haujatetemeka, uniambie kama hazielei.

Kwa hiyo uji upungue, sukari itoke, na kando yake pawe na yai au maharage. Kula kidogo kidogo, usiache njaa ikukute, karanga zikae mfukoni pale zinapokaa brashi. Chai tamu na soda kwenye tumbo tupu, achana nazo. Siku herufi zikianza kupumua, shuka, hata kama imebaki nusu ya herufi. Keti chini, kunywa kitu kitamu kidogo, ukitulia ule chakula chenyewe, maana tamu peke yake itakupandisha na kukuangusha tena. Na kwa daktari urudi wiki hii, kushuka huko kuna sababu zaidi ya moja, na kukisia si kupima. Mpaka akuone, andika mabango ya kufikiwa kwa mkono. Sinema itangoja, ukuta hauna miguu.

Sasa la mke. Unasema unamficha ili asiumie. Mwanangu, barua nzima umeeleza namna unavyoweza kuanguka, wala hukusema hata mara moja utamwangukia nani. Nani ameshika ngazi? Ni yeye, uso ameuinua, amekuamini, na alishampoteza mmoja kwa njia hiyohiyo. Umemfanya akupikie kuanguka kwako kwa mikono yake mwenyewe, huku anaona fahari. Hilo halina jina zuri.

Mwambie leo, jikoni, mmekaa wote wawili. Mwambie uji wake haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kunyamaza kwako. Atalia, atakugombeza, na ngazi ataificha kweli. Mwache aifiche. Siku atakapoitoa kwa mkono wake mwenyewe, panda.