Meza Iliyokataa Mlango

Jumapili, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi nililowahi kulimeza barabarani. Mimi mzima, na kama kuna homa inanyemelea huko kwako, iambie nimekataza. Mgongo wa shemeji vipi? Aache kushindana na magunia.

Sasa kaa chini. Natengenezesha meza. Usicheke kabla sijamaliza. Unajua nimeendesha malori mpaka injini zikawa zinaniita baba, na nimelala nchi ambazo wewe unazisikia redioni tu. Meza za hoteli nimeziona, ndefu, zinang'aa mpaka mtu anaweza kujitazama akinyoa ndevu. Lakini mimi nilikula wapi? Juu ya tairi. Au kwa watu: kwa mlinzi, kwa kinyozi, kwa utingo wangu ambaye mkewe hakuwahi kuniuliza nimekuja kufanya nini. "Ingia ule, dereva." Maisha yangu yote nimeingia nikala. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia yeye aingie ale.

Basi meza yangu itakuwa ya mbao nzito, pembe za mviringo, na wote watakaa.

Kuhusu chumba chako cha nyuma unachotaka nihamie, asante. Mimi si gunia la kuwekwa stoo.

Mdogo wako,
Rubani wa Nchi Kavu

Jumatano, 21 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Tuko salama, mgongo wa shemeji yako bado, ila nilipomsomea barua yako alicheka mpaka ukamuuma upya.

Kwanza, mbona mwandiko umekuwa mkubwa kama bango la dukani? Pili, hicho chumba chako nakijua. Kitanda, jiko, kabati na wewe, pumzi imekwisha. Meza itakaa wapi, kifuani kwako? Tangu walipokunyang'anya leseni kwa ajili ya lile jicho bovu, uko peke yako huko ghorofani na jiko la gesi, na mimi huku silali. Mgongo uliokubeba ukiwa mchanga ni huu wangu, usinijibu kihuni.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Na meza ipo hapa, nzuri, nimeifunika plastiki, hakuna anayeikalia. Kula hapo mpaka uchoke.

Dada yako

Jumapili, 17 Machi

Dada,

Salamu na heshima zote anazostahili mwanamke aliyeivalisha meza koti la mvua ndani ya nyumba. Mimi mzima kupita kiasi.

Mwandiko mkubwa ni wa mtu mkubwa. Na jicho lililobaki linafanya kazi ya mawili, halijaomba likizo.

Meza imefika. Fundi aliniuliza upana wa mlango, nikamwambia mtu aliyepitisha trela kwenye madaraja ya upana wa kanga haulizwi habari za milango. Ikagoma mlangoni. Fundi akashika msumeno, nikamwambia aanze na mkono wangu. Ikabidi aifumue, aingize ubao baada ya ubao, aiunganishe humu ndani kwa gundi ambayo ikishashika, hata yeye mwenyewe haibandui. Kwa hiyo haitoki tena. Kilichotoka ni kitanda, nimempa mlinzi.

Majirani wanaeneza kwamba nalala chini ya meza. Uongo. Nalala juu yake. Asubuhi nakunja godoro, nafuta, mambo yanaendelea.

Upande wa ukutani ni finyu: anayetangulia kukaa hatoki mpaka wote wainuke. Raha yenyewe ndiyo hiyo, hakuna kula na kukimbia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nawaita wote.

Mdogo wako, mwenye meza

Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu,

Hali yako siulizi, umeshaieleza mwenyewe. Nilipofika pale pa kulala juu ya meza, nikafunga barua.

Hiyo Jumamosi yako nakuja na pikapu. Funga nguo zako. Meza abaki nayo mwenye nyumba.

Dada yako mkubwa, na hilo "mkubwa" lisome mara mbili

Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifika salama. Pikapu ilirudi tupu, na dereva wake alishiba hata hakunung'unika.

Nilikuja nimekaza uso. Ukasema, "Mgeni rasmi, pita huku," ukanisukumia ukutani. Nikakaa, nione ujinga huo unaishia wapi. Akaja mlinzi, akaja kinyozi, utingo na mkewe, nikabanwa. Nilikuwa na hotuba. Nikaishia kupitisha wali. Utingo akaninong'oneza, "Zoea tu, dada. Hapo hata polisi hawakutoi."

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikakuangalia. Nikauona mkono wako. Kila ulipoinuka, vidole vilipita ukingoni mwa meza: mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi kwenye maji. Kinyozi alikunyooshea kikombe, hukukiona mpaka alipokigonga mezani. Wote wanajua, na wote wanagonga. Jicho la pili nalo linaondoka, na wewe ulilijua hilo kabla hujamwita fundi. Ndiyo maana ya zile pembe za mviringo.

Ningekubeba palepale. Ila kwangu ungegonga kila ukuta, na pale hukugonga kitu. Chumba cha nyuma nitaweka vitunguu.

Nakutumia kitambaa cha meza, kile alichotarizi mama.

Dada yako

Jumapili, 21 Aprili

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa vitunguu. Mimi mzima.

Kitambaa cha mama nimekipokea, nimekinusa, nimekilaza kabatini. Meza yangu haivai nguo. Nikiifunika, mkono haujui umefika wapi. Nimekataa, hata kama ni cha mama.

Na usianze kulia. Jicho linaondoka lenyewe, mimi sijalifukuza na sitalisindikiza. Barua ijayo ataniandikia mke wa utingo, na yule mama hajui kujigamba, kwa hiyo ongeza mwenyewe.

Jana kinyozi alitaka kukaa kule ukutani. Nikamwambia pana mtu. Akasema, "Mbona naona patupu?"

Nikamwambia, basi macho mabovu ni yako.

Mdogo wako, mwenye meza