Gagulo Jekundu Kwenye Mlingoti

Shoga, uko? Usimwambie mtu. Nimetoa watu wote baharini kwa gagulo la mama mkwe.

Si nilikwambia leo tunapanda kile kilima chenye mnara wa kale, walikokuwa wanachungulia meli za maadui? Mume wangu akakwepa, akabaki chini anaogelea. Nikapanda na mamake. Ngazi mia tatu, shoga!

Tumefika tu juu, chupa ya maji ikammwagikia mapajani. Akavua gagulo palepale. JEKUNDU. "Mwanangu, lianike kwenye ule mlingoti, kuna upepo mzuri." Ningekataaje? Nikalivuta kwa kamba mpaka kileleni.

Mara tukaona watu kule chini wanatoka majini mbio. Mama mkwe akasema, "Watu wa hapa wana nidhamu, chakula kikiiva tu wanatoka."

Chakula, shoga! CHAKULA!

Mlinzi akaja anahema. Kumbe kitu chekundu kwenye mlingoti ule maana yake bahari imechafuka, kila mtu akimbilie kilimani. "Nani katundika hili?"

Mama mkwe akaanza kuangalia mawingu. Basi nikasema ni mimi, na ni langu. Mlinzi akalitazama, akanitazama kiuno. Ningeingia mara tatu mle.

Hapo ndipo mume wangu akatokea, kalowa chepechepe, nyuma yake umati wenye mataulo.

"Mama, hili si gagulo lako?"

Mama mkwe, bila hata kupepesa jicho: "Sijawahi kuliona. Muulize mkeo."