Toba ya Mkata Pumzi

Kwako mdogo wangu Mwandishi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na wifi na watoto. Natumaini wote ni wazima na kile kikohozi cha kitinda mimba kimeisha. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala vizuri. Roho ndiyo haijatulia, na aliyeivuruga ni wewe, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho. Usimpe wifi akusomee kwa ufupi.

Skripti ya kipindi cha mwisho cha mchezo wako wa redio ilinifikia pamoja na ule ujumbe wako wa kuniomba nimchukue baba akae kwangu, kwa kuwa miguu imeanza kumgomea na alikopanga ni ghorofani. Nilisoma ujumbe kwanza, nikaghadhibika. Kisha nikasoma skripti, nikaona kumbe ni ombi lile lile, ila limevalishwa nguo za angani.

Misimu miwili, mdogo wangu, umetusikilizisha Mkata Pumzi akizima hewa kwenye vituo vya watu huko angani, kimoja baada ya kingine, huku anakunywa chai. Wasikilizaji wamemchukia mpaka wengine wakikutana na baba sokoni wanamnunia kwa sababu ya sauti yake. Halafu dakika ya mwisho, chombo kizima hakina hewa, watoto wanalegea, yeye ghafla anashikwa na huruma. Anafungua mtungi wake mwenyewe, anawapa hewa, anakata roho, na Nahodha anamwinamia na kumwambia amemsamehe, aende kwa amani. Muziki unapanda, kila mtu analia. Na yule fundi wa kike aliyehangaika na bomba la hewa tangu kipindi cha kwanza, akaungua mikono, akazika mume, umemfanya nini? Umemweka pembeni ashike taa. Ushindi wake umempa mtu aliyemharibia maisha. Mtu anabomoa nyumba miaka yote, siku ya mwisho anarudisha tofali moja, nawe unataka tumwite mjenzi.

Ingekuwa ni hayo tu, ningekuita mvivu tukaishia hapo. Lakini Nahodha ni mimi, na Mkata Pumzi ni baba. Wewe ndiye uliyemwombea ile nafasi kwa mtayarishaji, ukisema ana sauti nzito. Tangu hapo tunasimama naye kwenye kipaza sauti kimoja kila wiki, uso kwa uso, na nje ya skripti hatujapeana hata salamu. Kila neno nililomwambia baba kwa misimu miwili umeliandika wewe. Sasa ukaona uniandikie na msamaha, niutamke, kisha nirudi nyumbani nikamtandikie kitanda. Umenifanya kasuku wako.

Wewe ulikuwa bado unabebwa alipoondoka. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama kitandani asipate vidonda, wewe uko mgongoni kwangu na sufuria iko jikoni inaungua. Umekua ukishikilia kauli moja, kwamba baba alikwenda kutafuta kazi bila kujua kuwa mama ni mgonjwa, na habari zikamfikia tumeshazika. Shangazi ndiye aliyekulisha maneno hayo, na juu ya kauli hiyo ndipo ulipojenga huruma yako yote.

Siku ya kurekodi niliingia studio nimenuna. Fundi mitambo alikuwa na pampu yake ya baiskeli, ile ya kutolea sauti ya hewa, akatania kwamba leo ataua mtu kwa upepo. Sikucheka. Mtayarishaji akatukumbusha kwamba kipindi cha mwisho anakirekodi mara moja tu bila kukatisha, kwa sababu machozi ya mara ya pili huwa ya kuigiza. Tukaanza. Baba alifanya vizuri, hapo sitamnyima haki yake. Alifungua mtungi, pampu ikalia, akaanza kurudi nyuma taratibu, maana redioni mtu anakufa hivyo, anakiacha kipaza sauti kidogo kidogo mpaka sauti ipotee. Ikafika zamu yangu.

Niliyatazama yale maneno kwenye karatasi, ulimi ukagoma. Mtayarishaji akanipungia mikono nyuma ya kioo. Fundi mitambo akaendelea kusukuma pampu asijue la kufanya, jasho linamchuruzika. Baba alikuwa ameshafika karibu na mlango. Akageuka na ile miguu yake mibovu, akarudi mpaka kwenye kipaza sauti, akasema jambo ambalo hukuliandika:

"Usiseme, Nahodha. Sikufungua hewa ili nisamehewe. Watoto walikuwa wanakufa na koki ilikuwa karibu na mkono wangu, basi. Wale wa kwanza niliwaua nikijua."

Nikajibu kwamba nimesikia, si zaidi. Halafu nikamwita fundi wa chombo aje amalize kazi yake kwenye bomba. Yule mama anayemwigiza alikuwa ameshakunja skripti, akakurupuka, akaanza kuwaamrisha watu wote. Mtayarishaji hakukatisha. Kimerushwa hivyo hivyo, na ndicho ulichonipigia simu ukifoka kwamba nimekuharibia kilele. Hakikuharibika. Kwa mara ya kwanza watu wanapiga simu redioni kuuliza habari za yule fundi wa kike.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikutaka kulisema kwenye simu. Baada ya kurekodi nilimkuta baba amekaa kwenye ngazi ananisubiri. Hakuomba msamaha. Alisema:

"Yale ya mwisho hayakuwa ya Mkata Pumzi. Nilijua mama yenu anaumwa. Daktari aliniambia mimi kabla ya kumwambia yeye. Niliogopa kumwona akifa, nikaondoka."

Akaongeza kwamba anajua umeniombea achukuliwe, na kama nitamchukua, isiwe kwa sababu ya ile hadithi ya kutojua. Ni uongo, na yeye ndiye aliyemtuma shangazi akuambie.

Rudia kusoma hapo kama hukuelewa. Najua inauma. Mimi nilitamani kumpiga. Nilimchukia pale kwenye ngazi kuliko nilivyowahi kumchukia. Kisha nikamuuliza kama vitu vyake ni vingi. Akasema ni begi moja.

Yuko hapa tangu juzi, chumba cha nyuma. Anaamka mapema, anakohoa bila adabu, na salamu bado zinatutoka kwa shida. Usikimbilie kushangilia. Sijamsamehe, wala hajaniomba. Nimempa chumba kwa sababu ameniambia ukweli ambao haukumfaidi chochote. Nikija kumsamehe nitamwambia mwenyewe, kwa maneno yangu, siku nitakayotaka, na huenda siku hiyo isifike. Hilo usiniandikie tena.

Msalimie sana wifi, mwambie simlaumu yeye. Watoto wabusu wote, uwaambie babu yao yuko kwangu, shangazi yao. Wakiuliza alikuwa wapi siku zote hizo, usiwatungie kitu. Waambie wamuulize yeye.

Ni mimi anayekupenda na aliyekukasirikia,
Dada yako