Helmeti ya Theluji

Jumatatu, 4 Agosti

Rubona na kurudi kwa baiskeli, mara mbili. Kwenye mwinuko wa mwisho harufu ya kiwanda cha bia inakuja usoni, na mimi hujua zimebaki mita chache. Leo nilifika wa tatu kati ya wasichana kumi na mmoja.

Kocha Béata alitukusanya bandarini kabla hatujapumua vizuri. Mchujo ni Jumamosi ya tarehe 16. Kushuka kutoka Mahoko hadi mjini. Sita watachukuliwa kwenda kambini Musanze, miezi mitatu, na baiskeli za kweli. Halafu akasema kila mmoja aje na helmeti yake mwenyewe. Zile nne za klabu tunazopokezana zimechoka. Asiye na helmeti nzima hashuki.

Nataka kuwa katika hao sita. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Shuleni nilikaa miaka sita kwenye dawati la nyuma, na sasa nimemaliza, sidhani kama hata walimu wawili wanalikumbuka jina langu. Juu ya baiskeli hakuna anayenidai niongee.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka mjini na Mama. Duka moja tu lina helmeti za baiskeli. Nyekundu, nyepesi kama trei ya mayai. Niliibonyeza kwa kidole ikabonyea. Muuzaji akasema, "Iyi inaenea kichwa yote, mama. Hata ya mume wako." Mama alicheka. Mimi nilitaka kuuliza kama ni ya watoto. Nilitaka pia kuijaribu juu ya mtandio wangu. Sikuuliza, sikujaribu. Tulitoka.

Ninajichukia ninapokuwa hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Baba alivuka mpaka kwenda Goma kununua nyuzi na vifungo vya kazi yake ya ushonaji. Amerudi na helmeti mbili za mitumba ndani ya mfuko wa vitambaa. Muuzaji ni rafiki yake; nichague moja, nyingine atairudisha kesho.

Ya kwanza ya bluu, ya baiskeli, ina matundu mengi. Nzuri mno. Nilikwisha kuipenda. Baba akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha ndani kama anavyotafuta dosari kwenye kitambaa. Kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na mtu alikuwa ameupaka gundi.

Ya pili nyeusi. Imefungwa pande zote, nzito, ina mito ya kufunika masikio. Ndani kuna picha ndogo ya mtu amesimama juu ya ubao mmoja, anateleza kwenye mlima wa theluji. Tuliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Ubao moja tu?" Mama aliuliza. "Na breki iko wapi?"

"Breki ni kuanguka," Baba akasema, akiishika helmeti. "Ndio maana kaske yao iko nguvu."

Tuliigonga, tukaivuta kamba, tukaibonyeza kila upande. Haina ufa. Nimechagua ya theluji. Mito ya masikio inatoka, tuliitoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kocha ameikubali. Aliikagua kwa muda, akaweka vidole viwili juu ya nyusi zangu, kimoja chini ya kidevu. "Bon. Ni ya theluji, lakini ni nzima. Lami na barafu, kichwa haijui tofauti."

Divine, ambaye hupanda nyuma yangu siku zote, alipiga saluti: "Afande! Vita iko wapi?" Wote walicheka. Mimi pia, kidogo.

Tatizo: inanibana. Mtandio una mikunjo, na mikunjo inakuwa kama kamba kuzunguka kichwa. Nilirudi na alama kwenye paji la uso na kichwa kinauma. Nilimwambia Baba neno moja tu. Inabana.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba aliporudi kutoka msikitini aliniita kibandani kwake. Helmeti ilikuwa juu ya cherehani. Ndani ameishonea kitambaa cheupe cha pamba, kilichobaki kwenye kanzu ya mteja. Mishono midogo, hata huioni. Niliivaa. Laini. Haibani popote.

Chini ya kitambaa kulikuwa na sponji ngumu nyeupe, kama ile inayokuja na televisheni. Ameipunguza kwa kisu pande zote mbili na nyuma. "Nguo ikibana unafumua mushono, unaachilia," alisema. "Kaske ni nguo ya kichwa tu."

Alifurahi sana. Nami pia. Nilimbusu mkono.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo wa pili! Nilisahau kama nimevaa kitu kichwani. Kocha aliweka vidole vyake, akaitingisha, haikutikisika. "Sasa imekaa muzuri kuliko juzi," alisema.

Jumanne, 12 Agosti

Divine ameanguka.

Tulikuwa tunajifunza kona za Nyakiriba. Kulikuwa na mchanga ukingoni. Gurudumu la mbele likaenda upande wake, yeye upande wake. Nilisikia kichwa chake kikigonga lami. Mlio mfupi, kama nazi. Nikadhani amekufa.

Akakaa kitako. Akagusa meno. "Yewe, yote iko." Kiwiko kimechunika, basi. Alikuwa amevaa helmeti ya klabu, imepasuka vipande viwili. Ile yake mpya ameiacha nyumbani kwenye plastiki, anaiita kaske ya harusi, hataivaa kabla ya Jumamosi.

Kocha hakuendelea na mazoezi. Alitukalisha kando ya barabara, akaitenganisha ile iliyopasuka kwa mikono, akatuonyesha. Sponji nyeupe upande aliogonga ilikuwa imebonyea, imekuwa nyembamba kama biskuti.

"Munaona? Ganda ya juu ni ya urembo. Iyi nyeupe ndio inakufa mahali pa kichwa yako. Ikiwa kidogo, haitoshi kukufia."

Wote walisogea kuigusa. Mimi sikusogea. Nilikuwa nimeishika helmeti yangu mapajani, na kidole gumba changu kiko ndani, juu ya mishono ya Baba.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefumua mshono mmoja nyuma ya cherehani wakati Baba hayupo. Nikaingiza kidole. Juu, sponji ni nene kama vidole viwili vyangu. Pembeni, alipokata, haifiki nusu ya kimoja. Mahali pamoja nimegusa ganda.

Nimeurudisha mshono. Sishoni vizuri kama yeye. Unaonekana.

Hakuna mwingine anayejua. Kwa nje huwezi kujua. Kocha mwenyewe ameikagua na kuisifu. Zimebaki siku tatu. Nikinyamaza, nitashuka. Wengi hushuka bila kuanguka.

Ninaogopa. Naandika ili niache kujidanganya.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekuwa wa nane. Vidole havikutoka kwenye breki. Kila kona nilisikia ule mlio. Divine, na bandeji yake, alinipita akipiga kelele, "Zulfa, sha, umekuwa bibi kizee? Nikuletee fimbo?"

Jioni wateja wawili walikuwa kibandani. Baba aliwaonyesha helmeti. "Nimeitengeneza mwenyewe. Jumamosi mutamuona." Mmoja akasema hata watu wa theluji wangempa kazi. Baba alicheka hadi akavua miwani.

Ningemwambiaje.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilijaribu. Nilimpelekea chai, nikasimama. Alikuwa anapiga pasi. Aliniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Akasema ni woga wa mashindano, ni kawaida, hata yeye siku ya kukata kitambaa cha bibi harusi hupima mara tatu.

Kesho anakuja Mahoko kunitazama. Amefunga kibanda kwa ajili hiyo. Hafungi kibanda Jumamosi, hata siku moja.

Mama alinikazia macho wakati wa chakula. Yeye alikubali baiskeli kwa sharti moja tu, nisipande bila helmeti. Nilikula kidogo sana.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikushuka.

Nataka kuyaandika kwa mpangilio.

Mahoko palikuwa na watu wa soko wamejipanga kando ya barabara, wengine na vikapu kichwani. Baba alisimama karibu kabisa na mstari wa kuanzia, amevaa kanzu. Kocha alipita kwa kila mmoja. Vidole viwili, kidole kimoja, tingisha. Alipofika kwangu alisema, "Muzuri. Panda." Akaenda kwa mwingine.

Nilikuwa nimepita. Ilikuwa imekwisha. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote.

Nikasema, "Kocha, haifai." Hakusikia. Nikasema tena. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wakageuka. "Kaske yangu haifai. Ndani imekatwa."

Sikumtazama Baba. Kocha alirudi, akafumua ule mshono wangu, akaingiza vidole chini ya kitambaa. Uso wake ulibadilika.

"Nani alikata?"

Nisingejibu hata angeniua. Baba akapiga hatua mbele, kanzu yake ikigusa gurudumu langu. "Ni mi, Kocha. Ni baba yake. Ilimubana."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Divine alivua ile ya harusi papo hapo. "Avae yangu, Kocha, mi nitashuka kwanza, ataletewa na pikipiki." Kocha akanijaribisha. Ilikaa juu kabisa ya mtandio, kama kifuniko cha birika. Vidole vinne juu ya nyusi. Akaitoa. Nikaomba moja ya zile tatu za klabu zilizobaki. Niliomba kweli, mbele ya watu wote, mara mbili.

"Hapana, mutoto yangu. Sijui zimeanguka mara ngapi. Sitamutuma mutu huko chini na kitu sijui."

Alinipa kitambaa chekundu, nikasimame kwenye kona ya Nyakiriba nipunguze mwendo wa pikipiki. Nilisimama. Walipita mmoja mmoja, nikahisi upepo wao. Divine alipita ameinama, hakuwa na utani wowote. Yeye amechukuliwa. Ni wa nne.

Nilikuwa nikilia na kupunga kitambaa kwa wakati mmoja. Baba alikuja kwa miguu akasimama upande wa pili wa barabara. Alikaa hadi wa mwisho alipopita.

Kocha aliniambia nije mazoezini Jumatatu. Hakuahidi kitu.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua asubuhi. Baba alifungua kibanda, hakukuwa na mteja.

Aliikata kamba ya helmeti nyeusi kwa mkasi, mtu asije akaiokota akaivaa. Kisha akaniita. Mama alikuwa nasi kibandani, mlango umefungwa, na Baba akaniambia nivue mtandio. Akaniuliza Kocha huweka vidole wapi. Nilimwonyesha. Akachukua futi yake, akaizungusha kichwani mwangu juu ya nyusi. Halafu akanifunga kitambaa chembamba, kisicho na mikunjo, akapima tena.

"Nilipima watu wote wa mutaa huu," alisema. "Kichwa yako sikupima."

Aliandika kwenye daftari la wateja, chini ya jina la mteja anayengojea gauni la kitenge. Zulfa. Kichwa. Hamsini na tano na nusu.

Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

Tulikunywa chai. Mvua iliendelea.